Fidla zilizosogezwa: uchambuzi wa kisa cha rekodi moja ya taarabu

Kisa hiki kinahusu milisekunde hamsini. Ni sehemu ya ishirini ya sekunde, muda ambao hata kope haijamaliza kushuka na kupanda. Kwa muda huo mdogo tuliharibu nyimbo sita za watu waliokuja kwetu na imani, kisha tukahangaika siku kadhaa kuelewa tulichokiharibu. Nakiandika kwa mafundi wa sauti wenzangu, hasa wanaorekodi ala zinazopigwa kwa mikono ya watu. Majina ya kundi, ya studio na ya nyimbo nimeyaacha, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha bila kugusa kiini.

Usuli

Kundi lilikuwa la taarabu ya zamani, la Unguja, lenye wapigaji wanane: fidla tatu, ganuni (ala ya nyuzi nyingi inayopigwa kwa risha, yaani kipande kidogo cha kukwaruzia uzi), udi, kodiani, besi na dumbaki (ngoma ndogo), pamoja na mwimbaji. Kiongozi wao ni mzee anayepiga fidla ya kwanza. Kundi zima humwita Maalim, na sisi tukamwita hivyo hivyo.

Chumba chetu hakiwezi kuwabeba wote kwa pamoja, kwa hiyo tuligawa kazi. Siku ya kwanza walikaa ganuni, udi, besi na dumbaki, wakapiga nyimbo zote sita. Siku ya pili fidla na kodiani walipiga juu ya hizo wakisikiliza kwa hedfoni. Mwimbaji angeingia mwishoni. Hatukutumia mdundo wa mashine. Maalim alikataa, na alikuwa na haki, maana muziki huu una pumzi yake. Kilichokuwa kinashika mwendo ni ganuni na dumbaki.

Mimi ndiye niliyekuwa na dhamana ya kazi. Uhariri aliufanya mwenzangu, kijana mwenye mkono mwepesi na jicho kali, aliyekulia kwenye singeli na bongo fleva, ambako sauti nyingi hutoka kwenye kompyuta na kila kitu hukaa juu ya mstari wake. Ni fundi mzuri. Yaliyotokea hayakutokana na uzembe wake.

Neno moja nitalitumia mara nyingi. Studioni kwetu tunasema "ncha" ya noti, yaani ule mwanzo wake, tangu ala inapoguswa mpaka sauti inapotulia. Risha inapokwaruza uzi, upinde unaposhika, pumzi inapogonga, yote hayo ni ncha. Baada ya ncha ndipo inakuja sauti yenyewe, ile inayoweza kushikiliwa au kuachwa ife.

Mambo yalivyokwenda

Jioni ya siku ya pili tulisikiliza wimbo wa kwanza ukiwa mbichi. Ulikuwa mzuri. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi: masikio yangu yalikwisha kutoa hukumu, kisha nikayaacha yashindwe na macho.

Asubuhi yake mwenzangu alifungua michoro ya sauti kwenye skrini. Fidla zilipoingia na noti ndefu, mchoro wao ulianza kuinuka kabla ya ganuni, mara nyingi kwa milisekunde 40 mpaka 70. Ganuni ilisimama wima kama ukuta. Fidla zilipanda taratibu kama mchanga wa ufukweni, na mteremko huo ulianzia mbele ya ukuta.

"Wanawahi," alisema. "Na wanawahi kila mahali."

Tukaamua mambo matatu kwa mara moja. La kwanza, kila kipande cha fidla na kodiani kikatwe na kusogezwa mpaka mguu wa mteremko ukae sawasawa kwenye ukuta wa ganuni. La pili, kila palipokatwa, sauti ipandishwe taratibu kwa milisekunde 15 ili kisisikike kishindo cha mkato. La tatu, maikrofoni ya ganuni iwekewe geti, yaani kifaa kinachoziba sauti ndogo na kufunguka sauti kubwa inapokuja, maana sauti ya dumbaki ilikuwa inavuja humo. Geti likapewa milisekunde 10 za kufunguka, ili nalo lisipige kelele.

Kila uamuzi ulikuwa na sababu yake, na sababu hizo hata leo nazisikia kwa mafundi wengine. Tuliamini kwamba wapigaji waliotenganishwa na hedfoni lazima watakuwa wamekosana mwendo. Tuliamini kwamba noti inaanza pale mchoro unapoanza. Kuhusu geti na ule mpandisho, tuliamini kwamba milisekunde 10 au 15 ni kidogo mno kusikika. Imani ya kwanza ilikuwa dhana inayofaa kupimwa. Mbili zilizofuata zilikuwa makosa, na hatukuzipima.

Kazi ilichukua siku tatu. Maalim akaja kusikiliza, pamoja na mpiga ganuni. Akakaa, akafumba macho. Ubeti wa kwanza haujaisha, akainua mkono.

"Wanangu, nani kapiga fidla hizi?"

"Ni nyinyi wenyewe, Maalim."

"Sisi hatuburuti hivi."

Mpiga ganuni naye akauliza mbona ganuni yake imekuwa kama kinanda cha umeme. "Risha yangu iko wapi?" Alisema kwa upole, lakini nilimwona anaviangalia vidole vyake, mahali ambapo risha zake mbili hufungwa.

Nikashika dhana ya kwanza iliyonijia, ucheleweshaji wa kompyuta. Kadi ya sauti hukusanya sampuli, yaani vipimo vidogo vidogo vya sauti, kwenye bafa, ghala lake la muda, kabla ya kuzipeleka. Bafa ya sampuli 512, kwa mwendo wa sampuli 48,000 kwa sekunde, peke yake inakula karibu milisekunde 11. Programu hufidia, ila si kila mara hufidia yote. Nikatoa mlio, nikaurudisha ndani kwa waya, nikapima. Kweli, kulikuwa na milisekunde 11 hazijafidiwa. Nikazitanguliza fidla zote kwa kiasi hicho.

Maalim akasikiliza tena. "Pamepungua," akasema, "lakini bado."

Nusu siku ilikuwa imekwenda, na dhana yenyewe haikuwa na mantiki. Fidla zilikwisha kupangwa kwa jicho, kwa hiyo kosa lolote la kompyuta lilifutika pale pale zilipopangwa. Nilisahihisha kitu ambacho hakikuwepo tena. Hata hivyo lile neno "pamepungua" lilinishika. Kama kuzitanguliza kwa milisekunde 11 kunapunguza mburuto, je, tukizitanguliza zaidi?

Tukafunika skrini kwa kitambaa. Nikaanza kuzisogeza fidla kwa hatua za milisekunde 10, mara nikitanguliza, mara nikirudisha, bila kumwambia Maalim niko wapi. Kazi yake ilikuwa kusema "hapo" pale ala mbili zitakaposikika zimeingia pamoja. Kwenye noti ndefu za uzi mnene alisema "hapo" fidla zikiwa zimetangulia ganuni kwa karibu milisekunde 60. Kwenye nyuzi nyembamba alisema karibu 40. Kwenye noti fupi za kukata, zile ambazo upinde hung'ata uzi kwa nguvu na kuachia, alisema karibu na sifuri. Tukafanya hivyo hivyo na mpiga ganuni, peke yake, na majibu yake hayakupishana sana na ya mwenzake.

Ndipo tulipofunua skrini na kulinganisha na rekodi mbichi. Fidla zilikuwa zimerudi karibu palepale walipozipiga siku ya pili.

"Fidla haigongwi, mwanangu," Maalim aliniambia. "Inaamshwa. Na ukitaka iamke kwa wakati, uianze mapema."

Kilichokuwa kinatokea kwenye nyuzi

Tuanze na ganuni. Risha huuvuta uzi pembeni na kuuachia. Nguvu yote ambayo uzi utaipata imekwisha kuingia wakati unapoachiwa. Kinachofuata ni kupungua tu. Zile sauti za juu kabisa zinazoipa ganuni makali yake huwa nyingi zaidi mwanzoni, na ndizo zinazokufa kwanza. Tena ganuni ina nyuzi tatu kwa sehemu kubwa ya sauti zake, na risha huzipita moja baada ya nyingine kwa kasi kubwa, kwa hiyo ncha moja ya ganuni ni vikwaruzo vitatu vilivyobanana. Daraja lake limekalia ngozi, wala halikukalia mbao, na ngozi hujibu haraka kwa mshindo mkavu. Yote hayo yanamalizika ndani ya milisekunde chache. Geti linalochukua milisekunde 10 kufunguka hufunguka wageni wakishapita.

Upinde ni habari nyingine. Uzi wa fidla haupati nguvu yake mara moja. Hulishwa kidogo kidogo. Nywele za upinde huushika uzi na kwenda nao, uzi unateleza na kurudi, unashikwa tena. Fidla inapoimba vizuri, kushika na kuteleza huko hutokea mara moja tu kwa kila mzunguko wa uzi, na kona moja kali huzunguka juu ya uzi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Mwendo huo aliueleza Hermann von Helmholtz huko Ujerumani katika karne ya 19, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Lakini uzi hauanzi hivyo. Mwanzoni huteleza ovyo, mara mbili au tatu kwa mzunguko, au hukwama ukakwaruza, mpaka uupate mwendo wake.

Hapa hesabu inasaidia. Uzi mnene wa fidla, ukifungwa kwa sauti ya kawaida ya G, hutikisika mara 196 kwa sekunde, maana yake mzunguko mmoja ni kama milisekunde 5. Ukihitaji mizunguko kumi kutulia, milisekunde 51 zimekwenda. Uzi mwembamba wa E hutikisika mara 659, na mizunguko kumi kwake ni milisekunde 15 tu. Ndiyo maana Maalim alitaka uzi mnene utangulie zaidi kuliko mwembamba, ingawa hakuna aliyemtajia hesabu hiyo. Mwaka 1997 Knut Guettler na Anders Askenfelt walichapisha utafiti kuhusu kiasi gani cha vurugu hii sikio la mwanamuziki hukubali. Mipaka waliyoipata ilikuwa karibu milisekunde 50 kwa uzi unaoteleza ovyo, na karibu 90 kwa uzi unaokwama na kukwaruza. Ukizidi hapo, msikilizaji huanza kuona noti imeanza vibaya. Mpiga fidla hodari huishi ndani ya mipaka hiyo kila siku, na noti ndefu za taarabu, zinazoingizwa kwa upinde laini, hutumia nafasi hiyo bila haya.

Sasa swali lililotushinda: noti inaanza wapi? Sikio halihesabu kuanzia mnong'ono wa kwanza. Linangoja mpaka sauti ipande kiasi cha kutosha, ikaribie kilele chake, ndipo linaihesabu kuwa imeingia. Joos Vos na Rudolf Rasch wa Uholanzi walilichunguza jambo hili na kulichapisha mwaka 1981. Kwa ala yenye ncha kali, mwanzo wa mchoro na mwanzo unaosikika hukaa karibu pamoja. Kwa ala yenye ncha laini, mwanzo unaosikika hubaki nyuma. Ukiwaanzisha wote wawili kwenye mstari mmoja wa skrini, yule mwenye ncha laini atasikika amechelewa, na ndicho tulichokifanya kwa fidla tatu kwenye nyimbo sita.

Mwenye shaka amsikilize mwimbaji. Akiimba "shairi", ile "sh" huanza kabla ya pigo. Kinachoangukia kwenye pigo ni "a". Katika "mbona" na "ngoma", mdomo unaanza kuguna mapema ili irabu ifike kwa wakati. Hakuna aliyewahi kumfundisha mwimbaji wetu hesabu hii, naye hakosei. Ungeikata sauti yake na kuweka "sh" juu ya pigo, ungemfanya mchelewaji. Kwa fidla tulifanya hivyo hivyo bila kusita, kwa sababu fidla haina maneno ya kutushtua.

Liko pia suala la watu kupiga pamoja. Rasch alipima vikundi vidogo vya wanamuziki, akachapisha mwaka 1979 kwamba noti zinazokusudiwa kuingia pamoja hutawanyika kwa kawaida kati ya milisekunde 30 na 50, na wasikilizaji huzisikia ni za pamoja. Sauti yenyewe hewani hutumia karibu milisekunde 3 kwa kila mita, kwa hiyo waliokaa mita tano kutoka kwa mwenzao tayari wanamsikia kwa kuchelewa milisekunde 15. Kundi limepiga pamoja miaka mingi likifidia haya yote kwa masikio. Tulichokiita kosa kilikuwa ufundi wao.

Kuhusu ganuni iliyogeuka kinanda, historia ilikwisha kutuonya. Carl Stumpf, Mjerumani, aliandika mwaka 1926 kwamba ukiondoa mwanzo na mwisho wa noti, hata wanamuziki hukosea ala gani inapiga. Mwaka 1948, katika redio ya Ufaransa jijini Paris, Pierre Schaeffer alirekodi kengele bila pigo lake la kwanza, na kengele ikaacha kusikika kama kengele. Geti letu lilifanya kazi hiyo hiyo kwa ganuni, na ule mpandisho wa milisekunde 15 ukaiondolea fidla meno yake. Kwa hiyo Maalim alipouliza "nani kapiga", alikuwa anasema kweli kwa maana mbili: wakati haukuwa wao, na sauti haikuwa yao.

Matokeo

Nyimbo tano zilirudishwa kwenye rekodi mbichi, kwa sababu tulikuwa tumehifadhi nakala zake. Tuliondoa mikato yote, geti na mipandisho. Kodiani nayo tuliirudisha bila majaribio marefu. Ndimi zake nene za chini, vile vibapa vya chuma vinavyotikiswa na hewa, huchelewa kutoa sauti kama zinavyochelewa nyuzi nene, na mpigaji wake alikuwa anafidia vilevile. Dumbaki likabaki linavuja kidogo kwenye maikrofoni ya ganuni. Mpiga ganuni alisikiliza uvujaji huo, akasema ndivyo anavyolisikia dumbaki akiwa amekaa mahali pake.

Wimbo mmoja haukuokoka. Mwenzangu alikuwa ameuhifadhi juu ya rekodi mbichi, na ncha zilizokatwa hazirudi kwa kuvisogeza vipande. Ilibidi fidla tatu ziitwe tena, kwa gharama yetu.

Kilichofaa na kilichoharibika

Kilichotuokoa ni nakala za nyimbo tano na kitambaa juu ya skrini. Nakala ni jambo la kawaida, kila fundi analijua. Kitambaa sikuwahi kukifikiria kabla ya siku ile. Mchoro ukiwa wazi, hata mimi niliyekuwa nasikia mburuto nilikuwa najiambia kwamba haupo, kwa kuwa mistari imelingana. Skrini ilipofunikwa ndipo masikio yakapata sauti tena.

Kumwacha Maalim aseme "hapo" bila kumuuliza maswali ya kifundi kulisaidia pia. Ningemuuliza fidla zisogezwe kiasi gani, asingekuwa na jibu. Alichokuwa nacho ni hukumu ya sikio, na hukumu hiyo ilitoa takwimu zilizo sawa kila tuliporudia.

Kilichoharibika zaidi ni mfuatano. Tulifanya mabadiliko matatu kwa mpigo mmoja, kwa hiyo malalamiko yalipokuja hatukujua ni lipi limeleta lipi. Wakati na sauti vilikwenda pamoja, nami nikakimbilia ucheleweshaji wa kompyuta kwa sababu ndio ninaoujua kuupima. Ningeirudisha rekodi mbichi na kumwuliza Maalim swali moja tu, "na hii je?", nusu siku isingepotea. Kosa la kuidhinisha ni langu, si la kijana.

Sisemi kwamba mpigaji hakosei kamwe. Kwenye wimbo wa pili fidla ya tatu iliingia mahali pamoja ikiwa imebaki nyuma ya fidla mbili nyingine kwa karibu milisekunde 90, na sote tuliisikia, Maalim wa kwanza. Hiyo tuliisogeza. Tofauti ni kwamba tulilinganisha fidla na fidla, ncha za aina moja, tena kwa sikio kwanza. Kuilinganisha fidla na ganuni kwa mstari ni kupima maji kwa rula. Katika muziki ambao mwenzangu alikulia nao, ngoma na vinanda vya kompyuta vina ncha kali karibu vyote, kwa hiyo mstari hauwadhulumu. Njia ile ilikuwa sahihi kule ilikotoka.

Fidla zilipokuja kuupiga upya ule wimbo uliopotea, mwenzangu aliwawekea maikrofoni mwenyewe, akawapa ganuni kwenye hedfoni, akawaacha wapige mara tatu. Baadaye akapima. Kwenye noti ndefu zilitangulia ganuni kwa milisekunde 50 hivi, kwenye za kukata karibu na sifuri. Akaandika takwimu hizo kwenye daftari, akafunga mchoro bila kugusa kitu.